Mafunzo ya Mikakati ya Kampeni, Malindi: Waridi Lilielezwa, Mkopo Ukarukwa

Hivi karibuni palifanyika mjini Malindi, katika ukumbi wa hoteli iliyo kando ya Barabara ya Lamu, mafunzo ya wikendi kuhusu mikakati ya kampeni kwa wanaotarajia kugombea udiwani mwaka 2027, pamoja na wasemaji na mawakala wao. Ada ilikuwa shilingi 4,000, chakula cha mchana kikiwemo. Somo zima lilijengwa juu ya safari ya kisiasa ya mtu mmoja, Peter Mandelson wa chama cha Labour cha Uingereza, mjukuu wa Herbert Morrison aliyekuwa naibu waziri mkuu katika serikali ya Attlee. Uteuzi huo ulinivutia, kwa kuwa mafunzo mengi ya aina hii hapa Pwani huishia kwenye mabango na picha za mitandaoni.

Sehemu ya kwanza ilistahili ada yake. Mwezeshaji alianza mwaka 1985, Mandelson alipotoka kwenye utayarishaji wa vipindi vya televisheni na kukabidhiwa mawasiliano ya chama kilichokuwa kimeangushwa vibaya katika uchaguzi wa 1983. Mwaka uliofuata nembo ya bendera nyekundu iliondolewa, na mahali pake pakawekwa waridi jekundu. Hapo mjadala uliwaka, maana hakuna Mkenya asiyejua uzito wa alama kwenye karatasi ya kura. Kijana mmoja alikumbusha kwamba chungwa halikubuniwa na mwanamikakati yeyote: tume ya uchaguzi ndiyo iliyoupa upande wa "La" chungwa na upande wa "Ndiyo" ndizi katika kura ya maoni ya 2005, na wanasiasa wakalibeba chungwa hilo hadi likawa chama. Mwezeshaji alilipokea jibu hilo kwa furaha, akauliza: je, waridi nalo lilileta kura? Halikuleta, angalau si upesi. Labour ilishindwa tena 1987, ikashindwa tena 1992, na haikuingia madarakani hadi tarehe 1 Mei 1997, iliposhinda viti 418.

Swali linalofuata ni nini kilichobadilika katika miaka hiyo 11, na ni hapo mafunzo yalipoanza kulegea. Mwaka 1995 chama kilikiandika upya kifungu cha nne cha katiba yake, kilichokuwa kikiahidi umiliki wa pamoja wa nyenzo za uzalishaji, na kufanya hivyo kulikuwa kugusa itikadi ya wanachama wa miongo mingi. Suala zito kiasi hicho lilitengewa slaidi moja, wakati rangi za fulana zilijadiliwa hadi wakati wa chai. Mgombea anayeondoka ukumbini akiamini kwamba Labour iliokolewa na ua, bila kujua kwamba ililazimika pia kubadili ahadi zake, amepotoshwa.

Kipindi cha mwaka 1994 kilifundishwa kwa ustadi zaidi. John Smith, kiongozi wa chama, alipofariki ghafla mwezi Mei, Mandelson alikuwa karibu na Tony Blair na Gordon Brown kwa pamoja, akamuunga mkono Blair awe kiongozi, na Brown akabaki na kinyongo cha miaka mingi. Hata hivyo ni Brown huyo huyo, akiwa waziri mkuu, aliyemrudisha Mandelson katika baraza la mawaziri mwaka 2008. Wote waliowahi kupitia mchujo wa chama walikuwa wakitikisa vichwa.

Kisha mama mmoja wa Maweni akanyanyua mkono. "Mwalimu, huo mkopo alipewa na nani, na kwa nini hakusema?" Alikuwa akiuliza kuhusu pauni 373,000 ambazo Mandelson alikopeshwa na mbunge mwenzake, Geoffrey Robinson, ili anunue nyumba, na ambazo hazikutajwa katika rejista ya maslahi ya wabunge. Jambo hilo lilipofichuka Desemba 1998, alijiuzulu uwaziri wa biashara. "Mama, hayo tuyaachie magazeti, sisi tuko kwenye mkakati," alijibiwa, kwa upole lakini bila faida yoyote. Alijiuzulu tena Januari 2001 kwa suala la maombi ya pasipoti ya Uingereza ya ndugu wa Hinduja, matajiri wa asili ya India, ingawa uchunguzi haukumpata na kosa, na Septemba 2025 aliondolewa katika ubalozi wa Washington baada ya barua pepe zake kwa Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyepatikana na hatia ya makosa ya ngono, kuchapishwa. Mambo haya ni kiini cha somo. Mtu aliyebobea katika kutunza sura ya chama alianguka zaidi ya mara moja kwa mambo yake binafsi, na katika nchi yenye Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na uadilifu, mgombea wa udiwani anahitaji kufundishwa kutangaza madeni yake kabla ya kufundishwa kupiga picha.

Lililonishangaza zaidi ni kuachwa kwa miaka ya 2004 hadi 2008, alipokuwa kamishna wa biashara wa Umoja wa Ulaya. Ni katika kipindi hicho, Novemba 2007, ambapo nchi za Afrika Mashariki zilitia saini za awali katika mkataba wa biashara na Ulaya, huku Kenya ikiwa na hofu ya kutozwa ushuru kwa sababu, tofauti na majirani zake, haimo katika orodha ya nchi zilizo nyuma kimaendeleo. Miongoni mwa bidhaa zilizokuwa hatarini ni maua ya Naivasha, yakiwemo mawaridi. Mwezeshaji alikuwa na waridi mkononi asubuhi nzima na hilo hakuliona!

Huduma nyingine zilikuwa za wastani. Wali wa samaki ulikuwa mzuri na ulifika kwa wakati. Makabrasha yalitolewa nakala kwa wino mweusi, kwa hiyo waridi lilifanana na kabichi, na yaliandikwa kwa Kiingereza kitupu ilhali mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili. Awamu inayofuata imetangazwa kuwa Lamu kwa ada ile ile. Anayesafiri kutoka Mpeketoni au Faza aombe kwanza ratiba kwa maandishi, na ikiwa mwaka 1998 haumo, asubiri awamu nyingine.