Vifaa vya Ujenzi Vilivyotumika: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Kabisa

Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara jijini Dar es Salaam kuelekea Kibaha, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Wengi waliowekewa alama ya X hawakusubiri tingatinga. Walipanda wakang'oa mabati, wakashusha kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, wakatoa milango pamoja na fremu zake. Mali ya namna hiyo hupata wenyewe haraka. Lakini si kila nyumba inavunjwa hivyo. Kariakoo, Ilala au Upanga, nyumba ya zamani inapopisha ghorofa, mkandarasi ana haraka zake, na kisichopata mnunuzi ndani ya siku chache kinapakiwa pamoja na kifusi kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Kingine kinamwagwa bondeni, kinabana njia ya maji, na masika yakiingia wanaoumia ni watu wa mabondeni.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga kidogokidogo, kama wengi wetu tunavyojenga, na anataka kujua fedha yake aielekeze kwenye kifaa gani cha mtumba. Nimevipanga kwa maswali mawili. La kwanza: ubovu wake unaweza kuonekana kwa macho, kwa mkono na kwa bisibisi? La pili: kikishindwa baadaye, kitamwangukia mtu, kumuunguza au kumtia ugonjwa? Kifaa kinachofaulu yote mawili kinapanda juu. Kinachofeli kinashuka, hata ukipewa bure.

Upande wa bei, chukua bei ya kifaa, ongeza kirikuu au guta la kukibeba, ongeza ufundi wa kukirekebisha. Jumla ikizidi theluthi mbili ya bei ya kipya cha ubora uleule, mimi nakiacha. Ubora uleule ndio wa kuzingatia hapo: mlango wa mninga uliotumika haulinganishwi na mlango mpya wa plaiwudi wenye uwazi ndani.

1. Milango ya mbao ngumu na fremu zake

Hii ndiyo namba moja, na sioni kinachoikaribia. Nyumba za zamani za mjini zilijengwa wakati mninga, mvule na mkongo vikipatikana kwa wingi, na mafundi walitumia vipande vinene. Mbao hiyo imekauka kwa miaka mingi ikiwa imesimama mahali pake. Kama ilikuwa ya kupinda, imeshapinda ukaiona. Mlango mpya wa mninga unaouzwa leo mara nyingi umetengenezwa kwa mbao ambayo bado ina maji, na baada ya kiangazi kimoja unaanza kugoma kufunga. Tena mninga huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Kila mlango wa zamani unaookolewa ni mti ambao haujalazimika kuangushwa Tabora au Katavi.

Usidanganywe na rangi. Muuzaji akisema mkongo, omba ruhusa ukwangue kidogo kwenye sehemu inayokaa bawaba, pasipoonekana mlango ukifungwa. Mninga una rangi ya kahawia yenye michirizi iliyokolea, mkongo unaelekea wekundu, mvule una kahawia ya dhahabu. Uzito nao unasema: mlango wa paneli wa mbao ngumu humfanya mtu mmoja ahangaike kuuinua. Kisha chukua tepu upime kona kwa kona, mara mbili. Vipimo vikitofautiana sana, mlango umekaa upande na fundi atauranda mpaka uishe.

Ubovu wa fremu hujificha miguuni. Maji ya kudekia na mchwa huanzia chini, kwa hiyo chokoa inchi sita za mwisho kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye ndizi, sehemu hiyo imekwisha. Hilo peke yake lisikufukuze, kwa sababu seremala mzuri hukata kipande kilichooza akaunga kipya cha mbao ileile. Ila bei ishuke kulingana na kazi hiyo. Matundu madogo ya duara yenye unga mweupe chini yake ni ya dumuzi, na hayo nayaogopa zaidi, kwa kuwa anaweza kuhamia kwenye kenchi zako.

Jambo ambalo wengi huchelewa kulijua: nunua mlango kabla ukuta haujafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Milango ya zamani haifuati vipimo vya sasa. Utakuta wa futi saba na nusu, utakuta wa chumbani wenye upana wa futi mbili na nusu. Ukiwa nao mkononi, fundi anaacha nafasi inayoutosha. Ukija nao baadaye, ama unavunja ukuta ama unakata mlango, na kote huko ni hasara. Nunua shata, yaani mlango wenyewe, pamoja na fremu na bawaba kama seti moja, uziandike namba kwa chaki kabla hazijapakiwa.

Rangi ya zamani iondoe kwa tahadhari. Rangi nyingi za mafuta za miaka iliyopita zilikuwa na madini ya risasi. Usiipige msasa mkavu na usiichome kwa moto wa gesi. Lowesha, kwangua ikiwa mbichi, kusanya maganda yote, na watoto wakae mbali mpaka umalize kusafisha.

Kuna mlango mmoja ambao nakuomba usiununue: ule wa nakshi wa kale uliong'olewa kwenye nyumba ya Bagamoyo, Kilwa au Mji Mkongwe. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Hata pasingekuwa na sheria, nyumba ile bila mlango wake imepoteza uso. Ukipenda nakshi, mpe kazi mchongaji aliye hai.

2. Mbao za paa na mbao za fomu

Hapa tenganisha mambo mawili, maana wauzaji huyachanganya kwenye rundo moja. Kuna mbao zilizotoka kwenye kenchi za nyumba ya zamani, na kuna mbao za fomu, yaani zilizotumika kumwagia zege la slabu au nguzo.

Za kenchi zikiwa ngumu na ndefu, chukua bila kusita. Mbili kwa nne ya zamani mara nyingi ni nene kuliko ya leo, kwa sababu siku hizi mbili kwa nne ya dukani ukiipima inapungua. Tazama sehemu zilizopigwa misumari na zilizokaa juu ya ukuta, kwa kuwa hapo ndipo maji yanapotuama. Ubao uliopasuka kufuata urefu wake utumie kama papi fupi, yaani mbao za kupigilia bati, au rafu. Paini ya kisasa inayotoka kwenye mashamba kama Sao Hill huvunwa ikiwa na umri mdogo, nayo ikishatolewa misumari mara mbili inachoka. Sitaipandisha tena kwenye paa la nyumba ya kulala. Ile yenye ukijani imetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Inafaa kwa uzio na banda, lakini vipande vyake visiende jikoni kuwa kuni, kwa sababu moshi na majivu yake yana sumu.

Mbao za fomu ni rahisi sana na hupatikana popote panapojengwa ghorofa, pamoja na mirunda. Nunua kwa kazi ileile ziliyoifanya: kumwagia lenta zako, kutengeneza jukwaa la fundi. Ukimaliza, muuzie jirani anayeanza msingi. Mbao hizo zikizungushwa mtaani zinajenga nyumba nyingi kabla hazijaishia kwenye jiko la mama lishe.

3. Geti, grili na madirisha ya chuma

Chuma hakipotei, wanunuzi wa vyuma chakavu wanakipima kwa kilo kila mtaa. Swali ni kama kitayeyushwa au kitatumika kama kilivyo. Geti zima lililotolewa kwenye kiwanja kilichopitiwa na barabara ni ununuzi mzuri, hasa kama ni la chuma kinene cha zamani. Gonga sehemu ya chini kwa nyundo ndogo: sauti ya kufifia na vumbi la kutu vinaonyesha bomba limeliwa kwa ndani. Pima upana wa geti na wa lango lako kabla ya kuzungumza bei. Grili nazo ni hivyohivyo, ila zikiwa ndefu kuliko dirisha usizikatekate ovyo. Heri fundi azitoe nje ya ukuta kidogo.

Watu wanapohamia madirisha ya alumini ya kusukuma, ya luva na ya mbao yanatupwa. Kwa jiko, stoo au choo cha nje, dirisha la luva bado linapitisha hewa vizuri kuliko la kusukuma, ambalo nusu yake daima imefungwa.

4. Vigae vya udongo

Nyumba kadhaa za zamani za Pwani ziliezekwa vigae vyekundu vilivyoletwa kwa meli kutoka Mangalore, India. Geuza kigae uangalie mgongo. Vingine bado vina mhuri wa Basel Mission, wamisionari waliofungua kiwanda chao huko mwaka 1865. Kigae kizima kikigongwa kwa kucha kinalia kama chungu kizima. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Kigae hakishiki kutu, kinapooza nyumba, na kikivunjika kimoja unabadilisha kimoja.

Sharti ni paa linaloweza kuvibeba. Mita moja ya mraba ya vigae hufika kilo 40 hivi, wakati bati la geji 30 (geji ni kipimo cha unene) halifiki kilo 5 kwa eneo hilo. Kwa hiyo usivipandishe juu ya kenchi zilizopangwa kwa ajili ya bati. Na nunua vya ziada, kwa sababu vya aina moja havitapatikana tena.

5. Mabaki ya vifaa vipya, masinki na vyoo

Aliyemaliza kujenga huwa na boksi mbili tatu za marumaru, ndoo ya rangi, vitasa. Marumaru zilizong'olewa sakafuni hazifai, saruji haibanduki. Lakini mabaki ya boksi ni mapya kwa bei ya chini. Hakikisha namba ya toleo kwenye maboksi yote ni moja, la sivyo sebule itakuwa na rangi mbili.

Sinki la jikoni la chuma kisichoshika kutu linaosheka na kuendelea. Beseni la kunawia na choo cha kukaa vimwagie maji ukitazama nyufa kwa nyuma. Choo cha zamani sana humeza maji mengi kwa kila kuvuta. Kama unanunua maji kwa boza, kiache.

6. Mabati

Najua wengi hukimbilia hapa kwanza. Mimi nimeyashusha, kwa sababu bati lililong'olewa lina matundu ya misumari ambayo hayatakutana na papi zako mpya, na kila tundu usiloliziba ni tone kwenye silingi. Kumbuka geji ikipanda namba, bati linakuwa jembamba: 28 ni nene, 32 ni la kupigwa kidole likabonyea. Liinue juu dhidi ya jua uone vitundu, kisha kagua pale lilipolaliwa na jenzake, ndipo kutu hujificha, hasa kwa nyumba za karibu na bahari.

Kwa banda la kuku, uzio wa kiwanja, stoo ya saruji au choo cha nje, bati la mtumba ni sahihi kabisa. Kwa nyumba ya kulala, nunua tu geji 28 lililofunguliwa kwa utaratibu, na upange papi kufuata matundu yake.

7. Tofali na kifusi

Tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo au chokaa huachana bila kuvunjika, na huko Iringa na Mbeya ni hazina. Tofali za saruji zilizojengewa kwa saruji huvunjika. Hizo zinunue kama kifusi cha kujazia chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Kifusi kiwe safi, bila mbao, plastiki wala udongo mweusi.

Kabla ya kulipa

Nunua kwa mwenye nyumba inayobomolewa ikiwezekana, na muandikishane kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Beba karatasi hiyo unaposafirisha mbao, kwa kuwa gari la mbao huweza kusimamishwa kwenye vizuizi vya mazao ya misitu. Ukiona nguzo za alama za barabarani, vyuma vya reli au mifuniko ya mashimo ya maji taka kwenye rundo la muuzaji, ondoka. Vimeibwa, na mtu atatumbukia kwenye shimo lile.

Usinunue kabisa

Nondo za zege. Iliyokunjwa ikanyooshwa imepoteza sehemu ya nguvu yake, na kwa macho huioni. Tumia kwa vigingi vya bustani, siyo kwenye nguzo wala slabu. Nyaya, swichi na vikata umeme pia viache, maana plastiki iliyokauka ndani ya ukuta ni moto unaosubiri. Mabomba ya maji ya zamani yameliwa kwa ndani.

La mwisho ni asbesto: mabati ya kijivu, mazito, magumu kama saruji, yaliyoezekwa kwenye shule, bohari na nyumba nyingi za taasisi za zamani. Yakikatwa au kuvunjwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, na mtu akizivuta zinaweza kumletea saratani miaka mingi baadaye. Hayafai kwa banda, hayafai kwa kifusi. Ukiyakuta kwenye nyumba uliyonunua, usimpe fundi nyundo. Waulize NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, utaratibu wa kuyaondoa, na mpaka watakapokuelekeza, yaache juu yalipo, bila kuyatoboa, kuyakwangua wala kuyapanda.