Kwa Mkapa, usikae nyuma ya goli

Agosti 2025, wakati wa CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tuliyoyaandaa pamoja na Kenya na Uganda), niliingia Uwanja wa Benjamin Mkapa mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka nikiusifia njia nzima, mara ya pili nikaapa sirudi. Uwanja ni uleule, nilichobadilisha ni kiti.

Ufunguzi ulikuwa tarehe 2, Taifa Stars na Burkina Faso. Nilikaa upande unaotazamana na VIP, viti vya rangi ya chungwa, karibu na usawa wa mstari wa kati. Ukikaa pale huhitaji mtu wa kukuhadithia. Unaona beki anavyopanda, unaona winga ameachwa peke yake kabla kocha hajapiga kelele. Penalti ya Sopu mwishoni mwa kipindi cha kwanza niliiona vizuri kabisa, na Tshabalala alipofunga la pili nilikumbatiana na watu nisiowajua hata majina, kofia yangu ikaangukia safu za chini na ndiyo ikawa buriani. Mbili bila. Nani anakumbuka kofia?

Robo fainali na Morocco, tarehe 22, nilizubaa. Nilipokuja kushtuka, tiketi nilizozipata zilikuwa za mzunguko, nyuma ya goli, safu za chini. Nikajisemea mpira ni mpira.

Siyo. Uwanja huu una njia ya kukimbilia inayouzunguka wote, na nyuma ya magoli ndiko inakopinda, kwa hiyo kutoka ulipo mpaka kwenye chaki kuna safari. Ukiwa chini ni mbaya zaidi, maana macho yako yako karibu sawa na nyasi. Goli la karibu utaliona, la ng'ambo utaona rangi za jezi zinachanganyikana. Bao la Lamlioui kipindi cha pili mimi sikuliona. Niliona jezi za Morocco zinakimbilia pembeni, halafu kimya kikaanzia upande ule kikatujia taratibu mpaka tulipo. Mzee aliyekaa kushoto kwangu akaniuliza, "Wamefunga, mwanangu?" Ikabidi nitazame ubao wa matokeo ndipo nimjibu. Fikiria, nimelipa, niko ndani, na habari ya bao naisoma kama mtu aliyebaki nyumbani.

Huyo mzee, lakini, ndiye aliyeniokolea jioni. Kenya walianza saa kumi na moja kule Kasarani dhidi ya Madagascar, na yeye ndiye aliyekuwa na bando. Simu moja, vichwa vinane. Kenya walipotolewa kwa penalti, kijana wa nyuma akatangaza, "Tumebaki sisi na Waganda." Saa mbili usiku tukaanza sisi. Kesho yake, baada ya Uganda kufungwa na Senegal, hakuna mwenyeji hata mmoja aliyekuwa amebaki. Ile kauli ya mashabiki wetu, "Kwa Mkapa hatoki mtu", Wamorocco hawakuipata, na walitoka mpaka wakaenda kubeba kombe Nairobi.

Nyasi sina neno nazo. Mei mwaka huohuo CAF, wasimamizi wa soka Afrika, waliihamishia Amaan, Zanzibar, mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea, kwa hiyo nilikuja nikiwa na mashaka. Agosti mpira ulikuwa unateleza vizuri, sikuona ukidundadunda hovyo.

Kuingia ni kwa N-Card: tiketi inawekwa kwenye kadi, unaigusisha getini. Hakikisha mapema kadi unayo, usiwe kama yule dada aliyekuwa mbele yangu akiutafuta mkoba wake mpaka chini kabisa huku foleni nzima inamtolea ushauri. Maji usibebe, chupa yangu iliishia nje. Mimi nilipita Barabara ya Kilwa, nikashuka Uhasibu nikatembea, na kurudi nilitembea tena, kwa sababu bodaboda wa kwanza alinitajia bei ya kwenda Bagamoyo.

Watu 60,000 wakiimba wimbo wa taifa pale, hata nyuma ya goli mwili unasisimka, hilo siwezi kulinyima. Lakini wimbo ni dakika moja na nusu, mechi ni tisini.

AFCON 2027 inakuja kwetu, pamoja na Kenya na Uganda. Mdogo wangu nimeshamwagiza: tiketi za upande zikitoka tu, anunue mbili kabla hajanipigia. Akikuta zimebaki za nyuma ya goli peke yake, achague za juu kabisa. Na aje na kofia mbili.