Majarini yenye steroli za mimea, kutoka duka moja la Moshi

Majarini hii yenye steroli za mimea (viambato vya asili vya jamii ya mafuta vilivyomo kwenye mimea), niliyoinunua katika duka kubwa mjini Moshi, hupakika vizuri kwenye mkate, ingawa haifai kukaangia mayai, kwa kuwa ina maji mengi na hurukaruka kikaangoni. Faida yake inaelezeka: steroli hizo hufanana na kolesteroli, hivyo hushindana nayo kufyonzwa utumboni, na gramu 1.5 hadi 3 kwa siku, zikiliwa pamoja na mlo, hupunguza kolesteroli mbaya kwa takribani asilimia 7 hadi 12. Lebo hutaja kiasi kwa kila gramu 100 tu, kana kwamba kila mnunuzi ana mizani mezani, na bei ni kali. Anayetumia dawa za kolesteroli asiziache kwa ajili yake, mjamzito asiinunue.