Kompyuta mpakato: mpya ya bei nafuu au iliyotumika ofisini?

Mnunuzi wa Darajani au Chake Chake mwenye fedha za wastani huwa na njia mbili: kompyuta mpakato mpya ya daraja la chini, au iliyotumika maofisini ng'ambo kisha ikaletwa kisiwani. Ile mpya huja na waranti na betri nzima, lakini mara nyingi kumbukumbu yake ni GB 4 na hifadhi GB 64, vyote vimechomelewa kwenye bodi kuu ya ndani, kwa hivyo ikianza kuwa nzito hakuna fundi atakayeweza kuiongezea kitu.

Iliyotumika ndiyo ninayoipendelea, kwa kuwa aina nyingi za ofisini hufunguka kwa skrubu chache na diski, betri na hata kibodi hubadilishwa, ila ni sharti ikaguliwe. Iwashwe bila chaja kwa nusu saa, bawaba zijaribiwe, na matundu ya chaja na USB yamulikwe kwa tochi, maana hewa yetu ya chumvi hula madini. Iangaliwe pia prosesa, yaani chipu inayoendesha kompyuta: karibu zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8 hazikubaliwi rasmi na Windows 11, na huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ikizimika ghafla kwa joto, feni isafishwe kwanza kabla ya kuilaumu bodi.