Tiba nzuri, mlango mgumu: uzoefu wangu na kliniki ya ulevi

Nyota nne kwa matibabu, moja kwa mapokezi. Naanza na hiyo moja.

Mlevi huwa na nia ya kuacha asubuhi, saa mbili tatu hivi, kabla mikono haijamtetemesha akaenda kuzimua. Mimi nilipiga simu saa hizo mara tano. Ama inaita tu, ama natajiwa tarehe ya wiki tatu mbele. Jiji kubwa namna hii, baa kila kona, kliniki mabasi mawili kutoka kwangu na wanafungua saa za kazi peke yake. Mara ya tatu aliyepokea akaniambia, "Wewe acha kunywa kwanza, ndipo uje." Nikamtii. Kesho yake usiku shuka limelowa jasho, moyo unakwenda mbio, kikombe cha maji nakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Dada yangu akanikimbiza wodi ya dharura, na huko ndiko nilikoelezwa kwamba aliyekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla bila uangalizi anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili, kisha akaanza kuweweseka, na wengine hufa. Mpokea simu wa kliniki ya ulevi hajui hilo! Bado linaniuma.

Ukishaingia ndani, mambo ni mengine. Daktari alinisomea yale maswali 10 ya AUDIT, kipimo cha unywaji pombe cha Shirika la Afya Duniani. Nikapata 27 kati ya 40. Hakusema neno, alinigeuzia karatasi tu nione mwenyewe. Wiki ya kwanza nilipewa diazepam, dawa ya kutuliza mwili unapokosa pombe, dozi ikipunguzwa siku hadi siku, na kila asubuhi nesi ananiambia ninyooshe mikono, vidole nivitanue, anavitazama kimya. Pia vitamini B1. Nilicheka, vitamini kwa mlevi? Kumbe pombe huimaliza mwilini, na ikikosekana ubongo unaharibika.

Baadaye naltrexone, dawa ya kupunguza hamu ya pombe, kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku. Wiki ya pili niliteleza, nikaagiza bia. Nikanywa nusu, sikuona utamu wowote, nikaondoka. Bia nusu, mimi, mezani! Nilipoungama sikukaripiwa. Mshauri aliuliza tu ilikuwa saa ngapi na nilikuwa na nani.

Vikao vya kikundi ni vya kawaida, kuna mzee mmoja hamalizi kuongea. Naltrexone nayo ilikosekana mara mbili, nami nikazunguka maduka, ingawa tangu 2023 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilohilo.

Ukienda, nenda kwa miguu yako, usitegemee simu. Watajie kiasi unachokunywa kwa siku kabla ya jina lako, na usikate pombe mpaka daktari akuone.

Nina miezi saba sasa. Juzi nimempigia rafiki yangu namba ileile. Inaita tu. Jumatatu nampeleka mwenyewe.