TAHADHARI: Cheti cha usimamizi wa saiti "bila mtihani" kinachouzwa kwa mafundi wa Mwanza

Ndugu zangu mafundi, hasa mliopo Buhongwa, Igoma, Kishiri, Nyakato na Ilemela yote: kuna watu wanapita kwenye magrupu yetu ya WhatsApp wakiuza cheti cha usimamizi wa saiti. Mimi wamenila shilingi 640,000. Soma hadi mwisho kabla hujatuma hata mia.

Ni fundi mwashi, mwaka wa 14 huu. Nimeweka misingi kwenye miamba ya Mabatini, mahali ambapo ukishusha sururu mara tatu unakutana na jiwe. Nimesimamia vibarua hata ishirini kwa siku na hakuna aliyeniita msimamizi. Kampuni ninayofanyia kazi ikapata jengo la ghorofa mbili, bosi akasema safari hii foromani lazima awe na cheti. Mimi cheti nilicho nacho ni cha darasa la saba. Wiki hiyohiyo tangazo likaingia kwenye grupu.

Lilikuwa na bendera ya Uingereza na maneno haya: pata NVQ (sifa ya ufundi) ya Uingereza ya usimamizi wa ujenzi, Level 4, hakuna mtihani, hakuna kukaa darasani, uzoefu wako ndiyo ada yako kubwa, inatambulika VETA (mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi) na Dubai. Nikapiga simu. Akapokea mtu mwenye sauti ya upole, akaanza na "mwangaluka", salamu yetu ya Kisukuma, akaniita kaka mkubwa. Nikajiona niko nyumbani.

Nikatoa 50,000 ya usajili. Baada ya siku nne 450,000 ya tathmini. Kisha 140,000 ya muhuri na usafirishaji. Kila malipo yalikwenda kwenye namba tofauti ya simu na kila namba ikaja na jina tofauti. Nilipouliza, nikaambiwa ni wahasibu wa matawi. Nikakubali, kwa sababu nilikuwa nakitaka sana kile cheti.

Kilikuja kwa basi, kwenye bahasha ya kaki. Nilikipeleka ofisini nikiwa nimevaa shati la Jumapili. Injinia wetu, kijana mdogo kwangu lakini ninayemheshimu, akakigeuza kuelekea dirishani. Alipopitisha kidole gumba juu ya muhuri, rangi ya dhahabu ikabaki kwenye kidole chake. Akaniuliza, "Fundi, mkaguzi alikuja saiti gani?"

"Hakuja, injinia."

"Basi alikupigia simu. Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza jina liandikweje."

Akanyamaza. Kisha akanionyesha kwamba neno la Kiingereza la usimamizi lilikuwa limekosewa herufi. Mimi nisingejua. Wale watu wanajua kabisa kwamba sisi hatutajua, ndiyo maana wanakuja kwetu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo waliponinasa. "Hakuna mtihani" si uongo mtupu. Injinia alinieleza taratibu, na baadaye nikasoma mwenyewe. NVQ ya Uingereza kweli ipo, na ya usimamizi wa saiti katika Level 4 ipo, na kweli hukalishwi ukumbini na karatasi. Lakini badala ya mtihani kuna ushahidi wa kazi yako mwenyewe. Mkaguzi anakutazama ukiwa kazini: unavyogawa kazi asubuhi, unavyozungumza na vibarua kuhusu usalama, unavyokagua nondo na ringi kabla zege halijamwagwa. Anakuhoji kwa kina. Unakusanya kumbukumbu za saiti, picha, na maandishi ya watu waliokuona ukisimamia. Ndiyo maana kule mwenye sifa hiyo anaweza kuomba kadi ya dhahabu ya CSCS, mpango wao wa kadi za watu wa ujenzi, inayoonyesha kwamba ni msimamizi. Matapeli wamechukua nusu ya kwanza ya ukweli, ile ya kutokuwa na mtihani, wakaitupa nusu ya pili.

Uongo wao mwingine unakaa kwenye herufi moja. Waliniambia NVQ na NVA ni kitu kimoja. Si kweli. NVA ni tuzo yetu ya ufundi stadi hapa Tanzania, ina ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ni ya mfumo wa VETA. NVQ ni ya kwao Uingereza. Mtu akikuambia ukilipia moja umepata na nyingine, kata simu.

Kukagua karatasi ya Uingereza hakuhitaji pesa. Kwa upande wa England msimamizi wa sifa hizo ni Ofqual, na daftari lake liko wazi mtandaoni, mtu yeyote anatafuta bure. Namba ya sifa huandikwa kwa mikwaju (/): tarakimu tatu, kisha nne, kisha alama moja ya mwisho. Yangu ilikuwa na herufi mbili na tarakimu tisa mfululizo. Injinia aliiandika kwenye simu yake mbele yangu, haikuleta kitu.

Na kwa fundi wa Mwanza mwenye uzoefu, njia halali iko karibu. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kwa watu kama mimi waliojifunzia kazini. Chuo cha VETA cha mkoa kiko Nyakato. Unapimwa kwa vitendo na kwa kuhojiwa, ukionekana una pengo unafundishwa hilo pengo, kisha unapata cheti cha fani yako. Niseme ukweli: cheti cha uashi hakikufanyi msimamizi kesho yake. Lakini ni karatasi ambayo hakuna injinia atakayeigeuza dirishani. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu ana njia nyingine, vyuo vya ujenzi vya hapa nchini vya ngazi ya 4 hadi ya 6, na hiyo ya 6 ni stashahada. Huko kagua kwanza kama chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi. Malipo ya taasisi za serikali yana kontro namba, yaani namba maalumu ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Namba ya simu ya mtu binafsi siyo kontro namba, hata aseme ni ya mhasibu.

Wewe ambaye umeshalipa: usifute meseji, usifute miamala. Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, halafu nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Kama uliwatumia picha ya kitambulisho cha NIDA kama nilivyofanya mimi, piga *106# uangalie kama kuna laini zilizosajiliwa kwa jina lako usizozijua. Na kama karatasi yao umeshaipeleka kwa mwajiri, irudishe mwenyewe mapema na useme kilichotokea. Kutumia nyaraka ya kughushi ni kosa la jinai, na ikigundulika baadaye aliyekuuzia hatakuwepo, utakuwepo wewe.

Ninaumia na pesa, sitaficha, ilikuwa ada ya mtoto. Ila kinachonikosesha usingizi ni mwingine aliyenunua karatasi ileile na mwajiri wake hakuuliza. Mtu huyo leo anasimamia zege la jamvi mahali fulani. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, wote tuliona watu wakiitana chini ya kifusi. Usimamizi wa saiti ni kuwaambia watu wasimwage mpaka nondo zikae sawa, na kuwa na ujuzi wa kuona kwamba hazijakaa sawa.

Jumatatu iliyopita saidia fundi wetu mmoja alinifuata wakati wa chai akanionyesha simu. Bendera ileile, maneno yaleyale, namba mpya. Alikuwa ameshatoa 50,000 na jioni hiyo alikuwa atume 450,000 aliyopata kwa kuuza ng'ombe wa baba yake Magu. Nikamwita pembeni, nikamtolea ile bahasha ya kaki, nikamwambia apitishe kidole kwenye muhuri. Alikitazama kidole chake, akaizima simu. Hiyo 450,000 bado anayo, na Alhamisi tunakwenda wote Nyakato.