Sproketi ya meno 13 kwenye mlima wa Riat: uzoefu wangu wa miezi minane

Nabeba omena, wale dagaa wa ziwani. Siku nne au tano kwa wiki natoka Kisumu kabla jua halijachomoza, magunia mawili nyuma na wakati mwingine kreti ya samaki juu yake. Napita Kondele na Mamboleo, nakwea Riat, kisha Kiboswa na Majengo hadi Mbale. Nikirudi nabeba ndizi au abiria. Pikipiki yangu ni ya cc 150 yenye gia tano, na ile barabara ya kutoka Mamboleo kwenda juu ndiyo iliyonifanya niingie katika mambo ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungusha cheni, dogo mbele kwenye injini na kubwa nyuma kwenye gurudumu.

Shida ilikuwa hii. Nikiwa na mzigo, gia ya tatu ilikuwa inachoka katikati ya mlima. Mwendo unashuka, injini inaanza kugonga kwa kulemewa, inabidi nirudi ya pili. Ya pili nayo inalia hadi unaihurumia, na mshale wa mwendo umekwama kwenye kilomita 30 kwa saa. Nikipandisha tena ya tatu, inakubali kidogo kisha inachoka. Lori likisimama mbele yangu ndio balaa lenyewe, maana kuondoka upya pale kwenye mwinuko kulitaka nishikilie klachi nusunusu kwa muda mrefu, na harufu ya klachi inayoungua ikawa inanifuata hadi Kiboswa. Mama mmoja mteja wangu alizoea kushuka mwenyewe na kutembea kipande kile kikali, mkoba kichwani, nimsubiri juu. Iliniuma kila mara, kwa sababu alikuwa amelipa nauli kamili.

Nilibadilisha plagi. Nikasafisha kabureta, nikanunua chujio jipya la hewa. Mlima ukabaki vile vile.

Fundi wangu wa Kondele hakutaka hata kuiwasha. Alichuchumaa, akafungua kifuniko cha sproketi ya mbele, akayahesabu meno kwa ncha ya bisibisi huku akizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono.

"Kumi na nne mbele, arobaini na mbili nyuma. Kijana wangu, injini yako ni nzima. Gia hizi ni za tambarare."

"Sasa mzee, tufanyeje?"

"Tupunguze jino moja mbele. Moja tu. Uende Mbale na mzigo wako, urudi, ndipo tuongee."

Hesabu yenyewe ni rahisi, na ningependa kila mwenye boda aijue kabla hajatoa pesa yake. Gawa meno ya nyuma kwa meno ya mbele. 42 kwa 14 ni 3, maana yake sproketi ya mbele huzunguka mara tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. 42 kwa 13 ni 3.23. Hapo umeongeza karibu asilimia 8. Injini haikupata nguvu mpya hata chembe, ni ile ile ya jana. Ila ukiwa kwenye gia ile ile, msukumo unaofika kwenye tairi umeongezeka kwa asilimia hiyo, na kwa mwendo ule ule injini inazunguka zaidi kwa kiasi hicho hicho. Kama kwenye 60 ilikuwa inazunguka mara 5,000 kwa dakika, sasa ni karibu mara 5,400. Na kama injini ilikuwa inafika mwisho wa mizunguko yake kwenye 95, sasa itafika kwenye 88.

Jino moja la mbele ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Ili upate karibu kiasi kile kile kwa kubadilisha ya nyuma, unahitaji kuongeza meno matatu: 45 kwa 14 ni 3.21. Ndiyo maana mafundi wengi huanza na ya mbele. Ni ndogo, bei yake ni nafuu, na gurudumu halitolewi.

Kazi yenyewe nilikaa nikaiangalia mwanzo hadi mwisho. Sproketi ya mbele hukaa kwenye shafti yenye mifereji, ikazuiwa na kibati chenye boliti mbili ndogo. Mzee alilegeza boliti hizo kwanza cheni ikiwa bado imefungwa, gia ya kwanza ikiwa ndani na mimi nimekanyaga breki ya nyuma, kwa sababu ukishatoa cheni shafti inazunguka tu na spana haipati mahali pa kushikia. Akalegeza ekseli, akasogeza gurudumu mbele, akatoa cheni, akachomoa ile ya 14 iliyojaa grisi iliyoganda na mchanga. Akaifuta mifereji ya shafti kwa kitambaa chenye petroli, akaivisha ya 13, akaitikisa kwa vidole kuona kama inacheza. Halafu akarudisha gurudumu nyuma kwa milimita 3 hivi kupokea ulegevu uliozaliwa na jino lililotoka. Cheni ile ile ilitosha.

Aliponiambia nikae juu ya pikipiki pamoja na kijana wake mmoja, ndipo akapima ulegevu wa cheni kwa kidole. Hili nawaomba mlishike wote mnaobeba mizigo. Cheni iliyokazwa vizuri pikipiki ikiwa tupu hukaza zaidi ukipanda na magunia, kwa kuwa mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, unaposhuka na kupanda, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika. Cheni iliyokaza kupita kiasi hula beringi za gurudumu na ile ya shafti.

Kesho yake nilitoka na magunia mawili. Tofauti niliihisi pale pale Kondele, kabla hata ya mlima. Nikiachia klachi, pikipiki inachomoka yenyewe, sihitaji kupiga resi kuisaidia. Gia ya kwanza imekuwa fupi, unaingiza ya pili mapema, ya tatu mapema. Kwa mtu wa mjini anayesimama na kuondoka siku nzima, hili peke yake linatosha kumfurahisha.

Halafu Riat. Niliingia mwinuko na gia ya nne kama kawaida, nikashusha ya tatu, nikasubiri ichoke. Haikuchoka. Ilishuka hadi 38 hivi, ikakaa hapo, ikavuta kwa sauti nzito iliyotulia, hadi juu kabisa. Nilikaribia kusimama nishuke niiangalie.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa maana asilimia 8 si kitu kikubwa. Nadhani siri iko kwenye pengo kati ya gia ya pili na ya tatu. Pengo hilo liko ndani ya injini na sproketi hailigusi. Inachofanya ni kuzisogeza gia zote tano pamoja. Kwa mzigo wangu, mwendo ambao mlima ule uliniruhusu ulikuwa unaangukia katikati ya pengo, ya pili ikiwa imezidi na ya tatu ikiwa bado haijafika. Kusogeza kidogo tu kuliitoa ya tatu kwenye kilema hicho. Mwenzangu mwenye mzigo mwepesi zaidi kwenye mlima ule ule anaweza asione faida yoyote, na atakuwa sahihi.

Faida ambayo sikuitarajia ni ya kushuka. Nikirudi na ndizi, mteremko mrefu kuelekea Mamboleo nikiuacha kwenye gia ya tatu, injini inashika zaidi kuliko zamani. Breki ya nyuma haipati moto kama ilivyokuwa. Klachi nayo imetulia, harufu imekwisha. Na yule mama hashuki tena.

Sasa niseme yaliyoniudhi, maana yapo.

Sproketi ya kwanza niliinunua kwa haraka kwenye duka moja la speya mjini, shilingi 250, inang'aa kama kijiko. Baada ya miezi miwili meno yalikuwa yamelala upande mmoja kama mawimbi ya ziwa. Mzee aliichukua, akapitisha tupa juu ya jino mara mbili, na vumbi la chuma likamwagika kama unga. Kisha akachukua ile yangu ya zamani ya 14, akapitisha tupa ile ile: ikateleza, ikapiga mlio, haikutoa kitu. Chuma kilichopikwa kikawa kigumu hakikatwi na tupa. Ile ya 250 ilikuwa laini tupu. Nilirudi dukani nikaambiwa bidhaa ikishafungwa hairudishwi. Ya pili nililipa 450, na kabla sijalipa niliomba tupa mbele ya muuzaji, nikajaribu ukingoni. Sasa ina miezi sita na meno yake bado yamesimama.

Hasara ingeweza kuwa kubwa zaidi. Sproketi mbovu ikicheza kwenye mifereji ya shafti huila shafti yenyewe, na shafti hiyo ni ya gia boksi. Kuibadilisha ni kupasua injini. Kwa hiyo ukinunua, itikise kwenye shafti yako kwanza. Hakikisha pia ni ya cheni yako: namba imepigwa chapa kwenye pingili, yangu ni 428. Kuna cheni ya 420 ambayo nafasi kati ya pini na pini ni ile ile ya milimita 12.7, lakini ni nyembamba zaidi. Sproketi yake inaweza kukubali kuzungushiwa cheni ya 428 huku ikipwaya upande kwa upande, na muuzaji asiyejali atakupa tu.

Cheni pia inachakaa haraka kidogo. Sproketi ndogo huipinda zaidi kila pingili inapozunguka, na kila jino linafanya kazi mara nyingi zaidi. Tena cheni imesogea karibu na mkono wa nyuma, pale penye raba ya kuilinda. Raba yangu ilikuwa imelika, nikasikia mkwaruzo nikiachia mafuta. Raba mpya ikamaliza jambo hilo. Siku hizi napaka oili ya cheni kila Jumapili na kuikaza mara nyingi kuliko zamani.

Barabara ndefu ndipo unapolipa. Nilienda Busia bila mzigo, na kwenye 80 injini ilikuwa inalalamika, mkono unauma kwa mtetemo, na mafuta yalienda zaidi ya nilivyozoea. Kwenye njia yangu ya Mbale sikuona tofauti ya pesa ya mafuta, labda kwa kuwa zamani nilikuwa nayapoteza kwa kufungulia hadi mwisho kwenye gia isiyovuta. Mshale wa mwendo haukudanganya, kwa kuwa waya wake kwenye pikipiki yangu unatoka gurudumu la mbele. Kwenye zile zinazosoma mwendo kutoka gia boksi, ukibadilisha sproketi mshale utasema uongo.

Mwezi wa nne tamaa ilinishika. Nikafunga 45 nyuma huku 13 ikiwa mbele. Hiyo ni 3.46, asilimia 15 juu ya ile ya kiwandani. Cheni ilikuwa fupi, nikanunua nyingine ndefu zaidi. Riat ikawa rahisi, hilo sikatai. Lakini gia ya kwanza ikawa haina kazi, unaiingiza na kuitoa kabla hujavuka barabara, na pikipiki tupu ilitaka kuinua gurudumu la mbele nikiondoka. Kutoka Majengo hadi Mbale, mahali ambapo zamani nilipumzika kwenye gia ya tano, injini ilikuwa inapiga kelele muda wote. Nilivumilia wiki tatu, nikairudisha 42.

Rafiki yangu mmoja anafanya kazi Ahero, kule kwenye uwanda wa Kano ambako barabara imelala kama mkeka. Yeye alienda upande wa pili, akafunga 15 mbele, 2.8. Asubuhi anasifu: injini imetulia, mafuta yanadumu. Jioni akirudi Kisumu na abiria wawili, upepo wa ziwa unampiga kifuani, gia ya tano inakataa na analazimika kukaa kwenye ya nne njia nzima. Nimemshauri arudi 14 na anabisha. Nilipoiendesha ya kwake kutoka Ahero niliona kuondoka ni kuzito, na kwenye matuta ya barabarani lazima ushuke hadi ya kwanza.

Kwa kazi yangu, 13 kwa 42 inabaki. Mtu wa Ahero au Kibos asiguse ya kiwandani. Mtu wa Maragoli anayepanda njia za mawe na kuni au saruji, ajaribu jino moja la mbele kabla ya kununua seti nzima ya cheni na sproketi mbili anayoshawishiwa dukani. Ile 14 yangu sikuiuza, nimeifunga kwenye kitambaa chenye grisi chini ya kiti pamoja na tupa ndogo. Mwezi ujao seti itakuwa imefika mwisho, na nitabadilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu cheni iliyovutika ikiwekwa kwenye meno mapya huyala kabla hujaonja raha yake.